Maji ya Darasa la Sita

Hapo zamani, si zile za mababu bali za chaki na ubao mweusi, palikuwa na shule ya msingi juu ya kilima, na Mwalimu Tusekile akifundisha hapo sayansi na hisabati. Shule haikuwa na maji. Kila asubuhi watoto wa darasa la sita walishuka bondeni, wakapanda upande wa pili hadi kwenye chemchemi, wakarudi na ndoo kichwani. Kipindi cha hisabati kiliwapita wakiwa njiani.

Siku moja Ambokile, mmoja wa watoto hao, aliuliza, "Mwalimu, kwa nini maji yasije yenyewe kwa mpira?"

"Maji hayapandi mlima. Chemchemi iko chini yetu."

"Umepima, Mwalimu?"

Darasa likacheka. Tusekile akaona amedharauliwa, akamtoa nje. Ambokile akasimama juani hadi kengele ikagongwa.

Lakini swali lile lilimganda mwalimu. Siku ya tatu akaazima kwa fundi mwashi mpira mwembamba wa kutia maji na kupimia usawa, akauliza nani atapima bonde. Subilaga akanyoosha mkono. Wiki mbili alishuka na kupanda, akiandika kila kimo daftarini. Alikosea, akaanza upya. Akapima mara ya tatu ili ajiridhishe. Jibu likawa moja: chemchemi ilikuwa juu ya shule kwa mita moja na nusu, hivyo maji yakifungwa ndani ya mpira yangeshuka bondeni na kupanda tena hadi shuleni. Bonde ndilo lililowadanganya macho, na miguu pia.

Wazazi wakachanga mipira, ikatandazwa bondeni kote. Maji yakaingia kule chemchemini. Huku shuleni hayakutoka. Siku moja, mbili, tatu. Wazazi wakaanza kunung'unika, na Subilaga akaacha kuja shule.

Darasani alikuwamo pia Lugano, aliyekuwa akirudia darasa, na hisabati hakuwahi kupata hata alama ishirini. Aliufuata ule mpira akiugonga kwa kijiti na kusikiliza. Penye kinundu cha ardhi, mpira ulipoinuka kidogo, mlio ukabadilika.

"Humu mna hewa," akasema. "Imeziba."

Akatoboa kwa msumari. Hewa ikatoka ikipiga mluzi, maji yakafuata, naye akaziba tundu kwa kigingi. Shuleni bomba likakohoa, kisha likatiririka.

Mwezi uliofuata ikaja barua na fomu kutoka sekondari moja ya ufundi iliyosikia habari za maji yale. Ilitoa nafasi moja bila mtihani, baada ya darasa la saba, kwa mwanafunzi aliyeleta maji. Tusekile akawaita wote watatu ofisini.

Ambokile akasema, "Nisingeuliza, nani angepima? Tena niliadhibiwa kwa kuuliza."

Subilaga akasema, "Swali halikuwashawishi wazazi. Walichanga kwa sababu ya namba zangu, na maji yalipokwama, lawama ilikuwa yangu peke yangu."

Lugano naye akaulizwa.

"Maji yalikwama, Mwalimu, nikayafungulia. Hawa wawili watafaulu mtihani, sekondari wataingia tu. Mimi sina mlango mwingine."

Walipotoka, Tusekile alishika kalamu. Mkono ulitaka kuandika Ambokile, akausimamisha, maana hakujua kama anamtuza mtoto au anajisafisha mwenyewe. Akamfikiria Subilaga na daftari lake. Akamfikiria Lugano na kijiti chake. Fomu ilitakiwa kesho yake asubuhi, nayo ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina.

Haya, mliosikiliza, kalamu nawaachia ninyi: mngemwandika nani, aliyeuliza, aliyepima, au aliyefungua njia?