Machungwa ya Siwema

Huko Muheza, Shekimweri aliwapa sharti wote waliokodi michungwa yake: yeye hutaja idadi ya mafungu sawa, kuanzia mawili hadi kumi, mara nyingi apendavyo, na likibaki hata chungwa moja, mavuno yote ni yake. Msimu uliopita Siwema aliondoka na kikapu kitupu. Safari hii Shekimweri alimwona akija, akacheka.

"Mafungu saba!"

Wakagawa. Halikubaki hata moja.

"Tisa!"

Halikubaki. Nane, vilevile. Shekimweri akatokwa jasho.

"Umeyaroga!"

"Nimeyahesabu, bwana mkubwa. Elfu mbili mia tano na ishirini hugawanyika kwa namba zako zote."

"Na miti ikazaa hayo hayo tu?"

"Ilizaa zaidi. Yaliyozidi nimeyala, maganda yako mlangoni kwako."