Mkanda wa Nyuma

Mtu mmoja alikuwa na punda, mkokoteni, na matandiko kamili aliyoachiwa na baba yake. Jina lake Bura. Aliishi juu ya kilima pamoja na mkewe na mama yake mzee, na kazi yake ilikuwa kupandisha mawe ya kujengea kutoka mtoni. Alipanda na mzigo, akashuka bila mzigo. Hakuwahi kuwa na safari ya namna nyingine.

Matandiko yale yalikuwa na sehemu nyingi, na kila sehemu ilikuwa na kazi yake. Lijamu ya chuma ilikaa mdomoni mwa punda, na hatamu zilitoka kwenye lijamu hadi mikononi mwa Bura. Mkanda wa kifuani ulivuta. Mkanda wa mgongoni ulibeba mipini ya mkokoteni. Ulikuwapo pia mkanda mmoja mpana wa ngozi, uliopita nyuma ya mapaja ya punda, chini ya mkia, ukafungwa kwenye mipini kila upande. Huo aliushona mama yake kwa uzi mwekundu, mumewe alipokuwa hai. Punda alipopanda, mkanda huo ulilegea, ukaning'inia tu.

Wapakiaji wa mawe kule mtoni waliuona.

"Bura, huyo mtoto wako hajaacha nepi?" mmoja aliuliza.

"Mwache bwana, asije akatuchafulia barabara," mwingine akadakia.

Bura alicheka pamoja nao, lakini maneno hayo yalirudi kila asubuhi, na hatimaye akaufungua ule mkanda. Punda akapanda vizuri kama jana yake, akashuka vizuri pia, maana mkokoteni mtupu haumsukumi mnyama sana. Bura akajiona mjinga kwa kuubeba muda wote ule. Ngozi ilikuwa bado nzima. Akaichana vipande vyembamba, akasuka mjeledi, na ule uzi mwekundu akauzungusha kwenye mpini wa mjeledi huo. Wapakiaji wakausifu. Tangu siku hiyo punda alipanda haraka zaidi.

Mama yake alipouona uzi wake, alisema mara moja tu. "Mwanangu, mkanda huo haukuwa wa kuvuta. Ulikuwa wa kuzuia."

"Kuzuia nini, mama? Sisi tunapanda."

Masika yalipokuja, mama akaugua, akashindwa hata kuketi. Hospitali ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto, na hakuna gari lililoweza kupanda kwenye utelezi ule. Bura akatandika godoro juu ya mkokoteni, wakamlaza. Kwa kuwa alikuwa anashuka, akapakia na magunia ya viazi, wapate cha kulipia matibabu. Alishika hatamu kwa mkono mmoja na mjeledi kwa mkono wa pili. Mkewe akafuata nyuma kwa miguu.

Mteremko ulipoanza, mipini iliteleza kwenda mbele na ubao wa mkokoteni ukampiga punda miguuni. Punda akaongeza mwendo. Hakufanya hivyo kwa ukaidi. Kitu alichokivuta miaka yote sasa kilikuwa kinamsukuma, naye, bila ule mkanda wa nyuma, hakuwa na pa kukiegemeza. Bura akavuta hatamu kwa nguvu zake zote. Kichwa cha punda kikainuka na povu la mdomoni likageuka jekundu, lakini magurudumu hayakuwa na lijamu. Mkewe akaushika ubao wa nyuma, akachuchumaa, akaburutwa kwenye matope mpaka viganja vikachunika. Mama alikuwa amelala akimtazama mwanawe. Bura, asijue tena la kufanya, akamchapa punda usoni ili asimame.

Punda akakwepa. Kwenye kona mkokoteni ukapinduka juu ya mawe.

Wapakiaji walikuja mbio kutoka mtoni, wakauinua mkokoteni, wakayaondoa magunia. Mama alikuwa ameshakufa. Punda alilala ubavu, mguu umevunjika, na mmoja wao akasema mnyama huyu ana kichaa. Walipotaka Bura awasaidie kumbeba mama yake, ilibidi kwanza wamfungue vidole kimoja kimoja, kwa sababu bado alikuwa ameukamata mjeledi.

Ndugu zangu, yupo mtu nyumbani kwako au kazini kwako ambaye humwoni akivuta chochote, na rafiki zako humcheka, kwa sababu kazi yake ni kukuambia uende taratibu. Sasa hivi, njia ikiwa bado inapanda, wewe umemfanya nini?