Baiskeli ya Kulalia na Kona ya Maziwa

Soma mpaka chini kabla hujanitumia picha za maua. Ukimaliza, mpelekee mtu mmoja mwenye kupapatikia vitu. Unamjua.

Milimani Usambara alikuwako bwana mmoja, Shemhilu. Kazi yake ilikuwa kupandisha maziwa ya kina mama kwa baiskeli, kutoka bondeni hadi kwenye tangi la baridi. Akaanguka kutoka kwenye mti wa mapeasi, mgongo ukagoma. Daktari akamkataza kuinamia baiskeli. Kina mama wakasema watamngoja mpaka Ijumaa, zaidi ya hapo hapana. Maziwa hayajui mgongo wa mtu.

Basi bwana huyo hakutulia. Anatoka nje, anaingia ndani, anatoka tena, mpaka mbuzi wakachoka kumtazama. Mkewe, Mwantumu, akamwambia kuna mzee huko chini Mombo anauza baiskeli za kulalia, zile mtu anaegemea kama yuko kwenye kiti cha uvivu, miguu inakanyaga mbele na mgongo unapumzika. Wakashuka.

Zilikuwa mbili. Moja nyekundu, ndefu, ya magurudumu mawili. Nyingine ya magurudumu matatu, rangi imebabuka, gia yake nyepesi mpaka miguu inazunguka kama mashine ya kusaga na wewe umesogea hatua moja.

Mzee aliwaeleza vizuri. Kwenye baiskeli ya kulalia huwezi kusimama juu ya pedali ukakandamiza kwa uzito wako. Mlima mkali utaupanda polepole tu, na ya magurudumu mawili ikienda polepole mno inaanguka. Ya matatu haianguki hata ikisimama.

Shemhilu akaijaribu nyekundu pale kwenye barabara tambarare. Ikapaa. Ile nyingine hakuigusa hata kwa kidole.

"Hiyo ni ya wasiojiweza," akasema. "Watu watanionaje?"

"Na huo mgongo ni wa nani?" Mwantumu akamuuliza. "Wa jirani?"

Akaondoka na nyekundu.

Ijumaa akafunga madumu, akaanza kupanda. Sasa, wanaume wa kule wana ujinga wao. Kwenye kona kali hawakosekani waliokaa kutazama, na atakayeshuka kusukuma atataniwa hata msibani. Shemhilu akawaona, akakaza miguu, hataki kushuka. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikayumba, ikalala. Maziwa yakateremka na barabara, mbwa wakapata sikukuu.

Mwenyekiti wa kina mama hakugomba. Alisema tu kwamba kazi ni ya atakayefikisha maziwa kesho, awe nani.

Shemhilu akarudi nyumbani, akawa anajigeuza kitandani kama chapati. Mwantumu hakumbembeleza. Aliichukua nyekundu, akashuka nayo Mombo. Mume akadhani anakwenda kuiondoa ile aibu mbele ya macho yake.

Asubuhi akasikia vicheko barabarani, akajikokota kwenda kuona. Ile ya magurudumu matatu ilikuwa imesimama katikati ya kona, madumu yamejaa nyuma. Aliyeegemea kitini ni Mwantumu, breki ameivuta, anatafuna muwa. Watu wanacheka, yeye anatema makapi. Alipopumua vya kutosha akaachia breki, akaanza kuzungusha miguu, taratibu, hana habari na mtu. Waliokuwa wakicheka wakabaki hawana la kucheka.

Shemhilu akamfuata kwa miguu mpaka kwenye tangi. Maziwa yalikuwa yanamiminwa, mazima.

"Nimeelewa," akasema. "Kesho nipishe nipande."

"Kazi wamenipa mimi," Mwantumu akajibu. "Wewe osha madumu."

Akayaosha.

Funzo: Ukichagua chombo kwa kuogopa kuchekwa, utaanguka nacho na kuchekwa vilevile, na kazi yako itafanywa na asiyejali vicheko.