Kasoro za Kiko cha Bi Sikudhani

Wewe ungemshtaki wapi mwizi ambaye ndiye hakimu?

Kiko cha Bi Sikudhani, chenye mrija wa shaba, kilipotelea nyumbani kwa Jumbe Mwinchande. Jumbe, aliyejitapa kwamba hajagusa tumbaku maishani, akamwambia mbele ya watu, "Lete shahidi, la sivyo utatoa mbuzi kwa kunisingizia."

"Basi yaishe, Jumbe wangu," alisema Bi Sikudhani. "Tena afadhali kimepotea. Mrija wa shaba unaunguza midomo."

"Unamuunguza mwenye pupa."

"Halafu moshi wake unanuka kutu."

"Kutu? Moshi unafika umepoa, mtamu!"

"Na mate yanavuja mpaka kidevuni, kama mtoto anayeota meno."

"Mwongo mkubwa wewe!" Jumbe alisimama. "Wiki nzima nakivuta mimi, hakijanivujia hata tone!"