Mfereji wa Raja na Mashamba ya Bhensori

Palikuwa na Raja mmoja huko Bara Hindi, Ranvijai jina lake, mtu wa mabavu ambaye roho yake haikushiba ardhi. Siku moja akapiga mbiu: mashamba yote ya Bhensori ni yake, na wenyeji wahame kabla ya mavuno.

Bhensori ni kijiji cha Wagujari, wakulima na wafugaji. Vizazi kumi na viwili nyuma, babu zao walifyeka msitu pale, wakachimba kisima, wakapima mashamba kwa kamba, na kila ukoo ukajua mpaka wake. Hati hawakuwa nayo.

Wazee wakavaa vilemba vyao vikubwa wakaenda ikulu. Wakarudi wamevishika mikononi kwa aibu, hawakusikilizwa.

"Basi nakwenda mimi," akasema Kesari, mjane wa miaka sitini na ushei, mwenye nyati wanne wa kufugwa na ulimi usiopumzika. Ngano yake ilikuwa imeshatoa masuke.

Barazani akakalishwa chini, mbele ya kiti cha Raja.

"Hati unayo, bibi?"

"Sina, Maharaja. Babu yangu alishika jembe mikono yote miwili, ya kushika kalamu hakubaki nayo."

Watu wakacheka. Raja hakucheka.

"Miaka mitatu sasa mashamba yenu yanakunywa maji ya mfereji wangu. Anayelisha ndiye mwenyewe!"

"Na jasho letu la vizazi kumi na viwili?"

"Jasho halioteshi ngano."

"Kwa hiyo mtu akilisha miaka mitatu tu, kitu ni chake?"

"Hata mwaka mmoja!"

"Ni mashamba tu, Maharaja, au na vinginevyo?"

"Chochote chenye kula na kunywa! Karani, andika hiyo sheria. Gonga muhuri!"

Karani akaandika, muhuri ukagongwa. Kesari akashusha pumzi.

"Sasa nikuulize, Maharaja. Mama yako alipokosa maziwa baada ya kukuzaa, ulinyonya kwa nani?"

Raja akamgeukia waziri wake, mzee aliyemtumikia hata baba yake. Waziri akakohoa. Akakohoa tena.

"Sema!"

"Aliletwa mwanamke wa Kigujari, Mtukufu. Kutoka Bhensori. Alikunyonyesha miaka miwili."

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

Waziri akatazama viatu vyake. "Ndiye unayesema naye, Mtukufu."

Kesari akainuka polepole, akakung'uta vumbi, akamnyoshea Raja mkono.

"Haya, mwanangu, vua hilo taji twende nyumbani. Nyati hawajakamuliwa."