Jeneza Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Hebu fumbeni macho kidogo, ndugu zangu, muuone uwanja wa nyumba moja ya kijijini. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, kaburi limechimbwa tangu asubuhi. Jeneza liko mezani. Na watu wote, badala ya kulitazama jeneza, wanatazama barabara.

Wanamsubiri Waziri.

Waziri huyo alianza kama kijana wa jembe. Akifa mtu kijijini, yeye ndiye wa kwanza kushuka kuchimba kaburi na wa mwisho kupanda, matope hadi magotini. Watu wakasema, "Huyu ni wetu," wakampa udiwani. Alipokuwa mbunge, aliweka jembe chini akashika kipaza sauti. Alipopewa uwaziri, jimboni kwake hakuzikwa mtu kabla gari lake halijafika.

Siku hiyo aliyelala jenezani alikuwa fundi baiskeli. Walisubiri mpaka mvua ikanyesha. Jioni Waziri akaja, akazungumzia barabara ya lami. Mjane akamsogelea.

"Kaburi limejaa maji, baba. Si tungemsitiri mapema?"

"Mama, mtu wa watu hazikwi kama kuku," akajibu akicheka, na watu wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi.

Miaka ikapita. Redio ikasoma baraza jipya la mawaziri, jina lake halimo. Uchaguzi ukaja, akaangushwa. Kisha mama yake akafariki.

Kijiji kile kile, turubai lile lile. Mawingu yakaanza kutanda upande wa mlimani. Hakuwa na haja ya hotuba tena. Alitaka tu mama yake alale pakavu. Akamwendea mwenyekiti wa kijiji.

"Tuanze, ndugu yangu. Mvua hiyo inakuja."

"Tuvute subira, mheshimiwa mstaafu. Waziri yuko njiani."

"Waziri gani? Huyu ni mama yangu!"

"Tunajua, na pole sana. Lakini utaratibu ni ule ule uliotuachia."

Akavua koti, akashika kishikio cha jeneza. Akawatazama wanaume aliochimba nao makaburi zamani. Wakainamisha macho. Matone ya kwanza yakaanza kupiga turubai. Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika kutoka viti vya nyuma, pole pole kabisa. Alikuwa mjane wa fundi baiskeli.

"Kaa, baba. Mtu wa watu hazikwi kama kuku."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kishikio kikamtoka mkononi. Akakaa.

Naona wengine mnatikisa vichwa: amevuna alichopanda. Taratibu, wanangu. Yule bibi aliyelala jenezani alimkosea nani? Na ni akina nani waliojaza vile viti, mara ya kwanza na mara ya pili? Ni sisi. Tulimtoa kaburini akiwa na matope ya heshima, tukamkalisha kiti cha mbele, tukampigia makofi huku mjane akilia. Alipoanguka hatukujifunza kitu. Tulibadilisha tu gari la kusubiri. Na yule aliyekuwa njiani siku ile, nani anamlea kama si sisi?

Basi mkienda msibani, na gari la mkubwa likachelewa, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mfiwa hawezi kubeba jeneza peke yake.