Thelathini na Saba na Nusu

Aliye mbioni hakaguliwi mfuko. Mmemsikia Mzee Kibona akimwambia mwenzenu Lugano hivyo sasa hivi, nanyi mkacheka mkidhani ni utani wa wazee. Haya, vuteni viti. Msemo huu hatukuurithi kwa mababu. Ulizaliwa humu humu ofisini, hapa Mbeya, na mimi Subilaga nilikuwa nimekaa pale mlipotupa mabegi yenu.

Wakati huo mwenzetu Ambakisye alikuwa ametengeneza programu ya kuendesha mashine za kutotolesha vifaranga. Joto likishuka, programu inawasha hita; likipanda, inaizima. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mama Tusajigwe wa Uyole, mjane aliyeuza ng'ombe wake wa maziwa ili apate mashine na mayai ya kuanzia. Mayai hayo yakiharibika, hakuwa na kitu kingine. Ambakisye alilijua hilo.

Sasa, tukitafuta kosa kwenye programu tunatumia dibaga. Inaisimamisha programu katikati ya kazi, unachungulia ndani uone kuna nini, kisha unairuhusu iendelee. Aliyekaa mbele ya skrini hapotei: programu ikisimama, mstari wa njano unatokea, ikikimbia, hakuna mstari. Lakini Ambakisye alikuwa amemwachia kazi hiyo wakala wa akili bandia, na wakala hana macho. Ana zana tu. Ipo ya kusimamisha programu, ipo ya kusoma thamani zilizomo, na ipo ya kuuliza hali, yaani programu imesimama au inakimbia. Hii ya kuuliza hali Ambakisye aliiona ya kupoteza muda. Alikuwa mtu wa pupa, hata chai akiinywa ya moto.

Asubuhi wakala, kwa kupitia mtandao, aliisimamisha programu kwenye mashine ya Mama Tusajigwe, akasoma joto: thelathini na saba na nusu, ndilo mayai yanalolitaka. Akairuhusu iendelee. Baadaye umeme ukakatika Uyole, ukarudi. Kabla ya saa ya chakula simu ya Ambakisye ikaita.

"Mwanangu, mayai yana moto," alisema Mama Tusajigwe. "Nimeweka moja juu ya kope, linachoma. Nizime?"

Wafugaji wengi hupima hivyo, kwa sababu ngozi ya kope ni nyepesi. Ambakisye akamwandikia wakala asome joto. Jibu likaja: thelathini na saba na nusu.

"Usizime, mama! Joto liko sawa. Ukizima yatapoa, yatakufa yote. Labda ni wewe una homa."

Mama akapiga tena, akajibiwa vile vile. Alipopiga mara nyingine alikuwa analia. Niliisikia sauti yake kutoka kwenye simu na roho ikaniuma. Mzee Kibona, aliyetufundisha kazi hii sote, akaweka kikombe chini.

"Wakala amekwambia ngapi safari hii?"

"Thelathini na saba na nusu, mzee. Kama mwanzo."

"Joto gani hilo lisilotikisika tangu asubuhi? Hebu muulize, programu imesimama au inakimbia?"

Ambakisye akaandika. Wakala akajibu papo hapo kwamba inakimbia.

"Na hiyo namba ameitoa wapi?"

Akauliza tena. Wakala akaeleza, bila wasiwasi wowote, kwamba programu ikiwa inakimbia, zana ya kusoma humrudishia thamani ya mara ya mwisho iliposimama. Mara hiyo ya mwisho ilikuwa asubuhi. Wala hakuficha, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mungu wangu!" Mzee Kibona akainyakua simu. "Mama, zima hita sasa hivi! Fungua na mlango!" Kisha akamgeukia Ambakisye. "Aliye mbioni hakaguliwi mfuko, kijana. Msimamishe kwanza, ndipo umpekue."

Wakaisimamisha programu, wakasoma upya. Joto lilikuwa limeshapita arobaini. Umeme uliporudi, programu iliwasha hita na haikuizima tena.

Siku ya kutotoa ilipofika, trei za chini zilitoa vifaranga. Za juu, zilizokaa karibu na hita, hazikutoa hata kimoja. Mama Tusajigwe alikuja hapa na kikapu, nasi tukajua leo tutatukanwa. Hakututukana. Alisalimia, akatoa yai moja lililogoma, akaliweka mezani kwa Ambakisye.

"Pole sana, mama," Ambakisye akasema. "Nilikuwa nauliza kila ulipopiga."

"Mimi nilipopiga nilikuwa na yai mkononi," mama akamjibu taratibu. "Wewe, mwanangu, ulikuwa na nini?"

Ambakisye aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka mbele yetu sote, na hakuna aliyemtania, hata mimi ninayependa kutania.

Haya, Lugano. Ile namba ya joto la friji ya chanjo aliyokupa wakala, uliyotaka kumsomea daktari kwenye simu umtoe hofu. Umeshamuuliza wakala kama programu imesimama? Hujauliza. Basi weka simu chini, uliza kwanza. Aliye mbioni hakaguliwi mfuko.